Mfuko Upi Ninunue? Kuchagua Chakula Kikavu cha Mbwa kwa Pesa Kidogo

Swali hili hunijia karibu kila wiki. Huniuliza jirani, huniuliza mtu tuliyekaa naye benchi moja kwa daktari wa mifugo, huniuliza kijana aliyepewa mtoto wa mbwa juzi tu: "Ninunue chakula kipi kizuri ambacho hakitanimaliza?" Kisha yanafuata mengine. Cha elfu nne kwa kilo na cha elfu tano vina tofauti gani? Cha kupimiwa kinafaa? Je, nikichanganya na ugali? Nimeyajibu kwa mdomo mpaka nimeona bora niyaandike kwa mpangilio, ili ukisimama mbele ya rafu ya duka uwe na kitu cha kushika.

Naishi Dar es Salaam na nina mbwa wawili wa kienyeji, Bosi na Chausiku. Nimewalisha vyakula vya bei ya chini na vya bei ya kati, na makosa mengi nitakayokuonya nayo nimeyafanya kwa pesa yangu mwenyewe. Sitataja jina la kampuni hata moja. Jina moja linaweza kuwa na mifuko mitano tofauti, wa hali ya chini na wa hali ya juu, na mapishi hubadilika bila mtu kutangaziwa. Ukijua kusoma mfuko, utausoma wowote, uwe umetoka Uturuki, Afrika Kusini, Ulaya au kiwanda cha hapa nyumbani.

Kabla hujatoka nyumbani, uwe na hivi

- Uzito wa mbwa wako kwa kilo. Mbebe, panda naye kwenye mizani, kisha jipime peke yako na utoe. Kama ni mkubwa wa kutobebeka, mwenye duka la nafaka ana mizani ya magunia; omba kwa adabu.
- Umri wake, na kama amehasiwa au amefungwa kizazi.
- Mizani ndogo ya jikoni. Kama huna, peleka kikombe chako kwa muuza duka akupimie mara moja kinabeba gramu ngapi za chakula, uandike kwa kalamu ya wino mzito ubavuni.
- Simu yenye kikokotoo.
- Pesa unayoweza kutoa kila mwezi bila kukopa. Andika kiasi cha kweli, kile ambacho hata mwezi mbaya utakipata.
- Ndoo safi yenye mfuniko unaobana.

Hatua ya 1: Jua mbwa wako anahitaji nguvu kiasi gani

Wengi huanza na bei. Anza na mbwa. Chakula hupimwa kwa nishati, yaani kilokalori, na mbwa mzima aliyehasiwa mwenye shughuli za kawaida anahitaji takriban hivi kwa siku:

- Kilo 10: kilokalori 630
- Kilo 15: kilokalori 850
- Kilo 20: kilokalori 1,060
- Kilo 25: kilokalori 1,250
- Kilo 30: kilokalori 1,440

Ambaye hajahasiwa mwongezee kama sehemu moja ya nane. Anayelala barazani kutwa nzima mpunguzie. Mtoto wa mbwa anayekua anahitaji zaidi sana kwa kila kilo ya mwili wake, na wa chini ya miezi minne anaweza kuhitaji karibu mara mbili ya mbwa mzima wa uzito uleule. Haya ni makadirio ya kuanzia. Mbwa wawili wa kilo 20 hawali sawa, kama vile watoto wawili wa nyumba moja wasivyokula sawa.

Hatua ya 2: Tafuta neno linalosema chakula ni kamili

Geuza mfuko. Acha picha ya mbele, acha mbwa anayeng'aa na kipande cha nyama kinachotiririka mchuzi. Nyuma au ubavuni, kwa maandishi madogo, tafuta neno "complete". Maana yake ni kwamba mbwa anaweza kula hicho peke yake na akapata kila anachohitaji. Ukikuta "complementary", hicho ni cha kuongezea tu, hakitoshi kuwa mlo. Maneno hayo mawili yanafanana machoni, na watu huyachanganya wakiwa na haraka.

Kisha angalia ni kwa ajili ya nani. Mifuko inayofuata taratibu za Marekani hutaja AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama wa huko, ya Ulaya mara nyingi hutaja FEDIAF, shirikisho la watengenezaji wa vyakula vya wanyama wa nyumbani, na itasema kama ni kwa mbwa mzima, kwa anayekua, au kwa rika zote. Hapa kuna nafuu ya kweli kwa mwenye bajeti ndogo: kama una mbwa mzima na mtoto nyumba moja, nunua mfuko mmoja wa rika zote, "all life stages". Umetimiza mahitaji ya mtoto, na mkubwa utampunguzia tu kiasi.

Onyo kwa wenye watoto wa mbwa wakubwa, hasa jamii ya German Shepherd na Rottweiler: kalsiamu ikizidi inaharibu mifupa yao. Tafuta mfuko unaotaja mbwa wakubwa wanaokua, na usiongeze unga wa mifupa wala vidonge vya kalsiamu juu ya chakula kamili. Nimeona mtoto mzuri wa miezi mitano amepinda miguu ya mbele, na mwenyewe alikuwa akimpa kalsiamu kila asubuhi kwa mapenzi kabisa.

Hatua ya 3: Soma namba nne, na ya tano ukiipata

Kwenye kijedwali cha nyuma utakuta protini, mafuta, nyuzi, unyevu, na kwa mifuko mingi ya Ulaya pia majivu. Majivu si uchafu. Ni madini yanayobaki chakula kikichomwa maabara.

Kiwango cha chini cha AAFCO, baada ya kuondoa maji, ni protini 18% na mafuta 5.5% kwa mbwa mzima, na 22.5% na 8.5% kwa anayekua au mwenye mimba. Hicho ni kiwango cha kutoanguka. Mimi kwa mbwa mzima wa kawaida natafuta protini kati ya 22 na 26, mafuta kati ya 10 na 15, nyuzi zisizidi 4 au 5, na majivu yasizidi 9. Nyuzi zikipanda sana ujue pumba zimejazwa. Majivu yakifika 11 au 12, kwenye hiyo "nyama" kuna mifupa mingi kuliko mnofu.

Sasa, protini isikulevye. Maabara haioni nyama. Inapima naitrojeni, kisha inazidisha kwa 6.25 na kuandika jibu kama protini ghafi. Chochote chenye naitrojeni kitapandisha namba, hata manyoya ya kuku. Mwaka 2007 mbwa na paka walikufa kwa figo huko Marekani kwa sababu gluteni ya ngano iliyotoka China ilichanganywa na melamini, kemikali ya plastiki, ili ionekane ina protini nyingi. Ndiyo maana namba haitoshi bila hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Soma viambato kama unavyosoma risiti

Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kwanza, na uzito huo ni wa kabla ya kupikwa. Ukiona kuku mbichi wa kwanza, kumbuka karibu robo tatu yake ni maji, na maji hayo hayamo tena kwenye punje. Unga wa kuku ("chicken meal"), ule uliokwisha kukaushwa, ukiwa wa kwanza au wa pili unakupa protini zaidi. Watu hudharau neno "meal" wakidhani ni makapi. Si kweli.

Ninachopenda kuona ndani ya vitano vya mwanzo: chanzo cha nyama chenye jina (kuku, ng'ombe, samaki, kondoo), nafaka inayojulikana (mchele, mahindi, ngano), na mafuta yenye jina, kwa mfano mafuta ya kuku. "Nyama na mazao ya wanyama" bila kutaja mnyama ni kawaida kwenye mifuko ya bei ya chini. Haina maana kuwa ni sumu, ila ina maana kuwa mwezi huu ni huyu na mwezi ujao ni yule, na tumbo la mbwa wako litakuwa la kwanza kujua.

Angalia ujanja mmoja: mahindi, unga wa mahindi na gluteni ya mahindi vikiandikwa mahali patatu tofauti. Kila kimoja ni kidogo, kwa hiyo kuku anakaa juu. Vijumlishe, utakuta umenunua mahindi.

Na neno la mbele ya mfuko. Kwa sheria za Ulaya, mfuko ulioandikwa "with chicken" unatakiwa kuwa na kuku asiyepungua 4% tu. Kwa taratibu za Marekani ni 3%. "Chicken flavour" ni ladha, zaidi ya hapo usitarajie.

Watu wataniuliza kuhusu mifuko isiyo na nafaka, kwa sababu wamesikia ndiyo bora. Kwa bajeti yetu, iache. Mbwa amekaa na binadamu muda mrefu kiasi kwamba mwili wake unameng'enya wanga uliopikwa vizuri zaidi kuliko mwili wa mbwa mwitu. Zaidi ya hapo, mwaka 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza kuchunguza ugonjwa wa moyo kwa mbwa waliokuwa wakila vyakula visivyo na nafaka vyenye dengu na njegere nyingi. Uhusiano wenyewe haukuthibitishwa, lakini sioni sababu ya kulipa zaidi kwa kitu hicho.

Hatua ya 5: Hesabu bei ya siku, achana na bei ya kilo

Kama utashika hatua moja tu, shika hii. Nitaifanya taratibu.

Mifuko mingi ya Marekani huandika kilokalori kwa kilo. Mingine haiandiki, kwa hiyo unatafuta mwenyewe. Chukua 100, toa protini, mafuta, nyuzi, unyevu na majivu. Kinachobaki ni wanga. Kama majivu hayakuandikwa, weka 8. Kisha: protini mara 3.5, mafuta mara 8.5, wanga mara 3.5. Jumlisha. Umepata kilokalori kwa gramu 100. Zidisha kwa 10, ni za kilo nzima.

Tuchukue mifuko miwili ya mfano. Bei nimeziweka za kuhesabia tu. Weka za dukani kwako.

Mfuko wa kwanza ni wa kilo 20 kwa Sh 80,000, yaani Sh 4,000 kwa kilo. Protini 18, mafuta 6, nyuzi 5, unyevu 10, majivu 9. Wanga ni 52. Hesabu: 63 jumlisha 51 jumlisha 182 ni 296. Kilo moja ina kilokalori 2,960.

Mfuko wa pili ni wa kilo 15 kwa Sh 75,000, yaani Sh 5,000 kwa kilo. Protini 26, mafuta 15, nyuzi 3, unyevu 9, majivu 7. Wanga ni 40. Hesabu: 91 jumlisha 127.5 jumlisha 140 ni 358.5. Kilo moja ina kilokalori 3,585.

Mbwa wa kilo 20 anayehitaji 1,060 kwa siku atakula gramu 358 za mfuko wa kwanza, ambazo ni Sh 1,432. Za mfuko wa pili atakula gramu 296, ambazo ni Sh 1,480. Kwa kilo, tofauti ilikuwa shilingi elfu nzima. Kwa siku, ni shilingi 48. Kwa mwezi wa siku 30 haifiki Sh 1,500. Na kwa hizo chache mbwa amepata gramu 77 za protini badala ya 64, na mafuta mara mbili.

Siku nilipofanya hesabu hii mara ya kwanza, kwenye kipande cha katoni pale kaunta, nilikuwa nimeshatoa pesa ya mfuko wa bei ya chini. Niliomba nibadilishiwe.

Haina maana kuwa ghali ndiyo bora daima. Fanya hesabu hiyohiyo kwa mfuko wa Sh 12,000 kwa kilo, utaona bei ya siku inaruka juu bila mbwa kupata cha maana cha kulingana nayo. Kwa mbwa mwenye afya, faida kubwa iko kwenye kutoka daraja la chini kabisa kwenda la kati. Hapo ndipo weka pesa yako.

Hatua ya 6: Kagua mfuko wenyewe

Chakula kizuri kilichohifadhiwa vibaya ni chakula kibaya. Dukani fanya haya, wala usione aibu:

1. Angalia tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Nikikuta imebaki chini ya miezi minne nauacha, hata ukipunguzwa bei.
2. Angalia mshono wa juu. Uzi wa rangi mbili au matundu ya sindano yaliyoachwa wazi ni dalili kwamba mfuko ulifunguliwa ukashonwa tena.
3. Pitisha kiganja chini ya mfuko. Doa la mafuta lililopenya au karatasi iliyolainika kwa unyevu, rudisha.
4. Utazame ulipokuwa umekaa. Mifuko inayopangwa nje ya duka juani ionekane na wapita njia, mafuta yake yameanza kuoza kabla hujalipa.
5. Andika namba ya toleo, ile iliyo karibu na tarehe. Piga picha kwa simu. Nitakwambia sababu mbele.

Kuhusu cha kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni: nakusihi uache. Najua ndicho kinachopatikana kwa Sh 5,000 mkononi. Lakini gunia limekaa wazi siku ngapi? Tarehe iko wapi? Kilichomo ndicho kilichoandikwa kwenye gunia? Mwaka wangu wa kwanza nilinunua hivyo kwenye duka moja la vyakula vya mifugo. Nilipofungua nyumbani, harufu ilikuwa ya mafuta ya kukaangia mihogo yaliyotumika wiki nzima, na chini kulikuwa na vumbi la kijanijani lililoshikana. Bosi alinusa, akarudi nyuma hatua mbili, akaniangalia. Nilimlazimisha. Alihara siku nne. Mpaka leo nikikumbuka macho yake yale naumia.

Vumbi la kijani ni ukungu, na ukungu wa mahindi na karanga ndio unaotoa sumukuvu. Si jambo la kuchezea. Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Na mwishoni mwa mwaka 2020 makumi ya mbwa walikufa Marekani kwa chakula kikavu cha kiwandani chenye sumu hiyohiyo. Kupika upya hakuiondoi. Kuanika juani hakuiondoi. Kama pesa ya mfuko mzima haitoshi, tafuta jirani mwenye mbwa mnunue mfuko mmoja uliofungwa, muugawane siku hiyohiyo. Mimi na mama mmoja wa nyumba ya pili tumefanya hivyo miaka miwili.

Hatua ya 7: Nunua ukubwa utakaoisha ndani ya mwezi

Mfuko mkubwa ni nafuu kwa kilo, ndiyo. Lakini ukishafunguliwa, hewa na joto vinaanza kazi. Kwa joto la pwani, sipendi mfuko wazi upite wiki nne. Mbwa anayekula gramu 300 kwa siku anamaliza kilo 9 kwa mwezi, kwa hiyo kilo 20 si nafuu kwake mpaka uwe na wa kugawana naye.

Usimwage chakula kwenye ndoo. Weka mfuko wake wote ndani ya ndoo, ukunje mdomo, funika. Mafuta hubaki kwenye kuta za plastiki, yanaoza, na kila mfuko mpya unaomwaga juu yake unaambukizwa uozo wa zamani. Pia ukitupa mfuko umetupa tarehe na namba ya toleo. Ndoo ikae ndani, sehemu yenye ubaridi, mbali na jiko.

Hatua ya 8: Badilisha kwa siku kumi

Usimalize cha zamani leo ukaanza kipya kesho. Siku tatu za kwanza robo moja ya kipya na robo tatu za zamani. Siku tatu zinazofuata nusu kwa nusu. Kisha siku tatu robo tatu za kipya, halafu chote. Maana yake ununue kipya wakati cha zamani bado kipo, jambo ambalo wengi hawalipangii. Maji safi yawepo muda wote; anayekula kikavu anakunywa zaidi.

Gawa mlo mara mbili kwa siku, upime kwa gramu. Kupima kwa macho ndiko kunakomaliza mfuko kabla ya mwezi.

Hatua ya 9: Mbwa ndiye atakayekwambia

Mpe chakula wiki sita kabla ya kutoa hukumu, na utazame vitu vitatu. Kinyesi: kiwe kigumu kiasi cha kuokotwa bila kuacha alama, cha kahawia, si kingi. Chakula duni kinaingia kingi na kinatoka kingi. Manyoya: yawe laini, bila mba, bila harufu ya mafuta mazito. Mbavu: pitisha vidole ubavuni. Uzihisi kama unavyohisi mifupa ya mgongo wa kiganja chako, lakini usizione ukiwa umesimama mbali. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, amenenepa.

Jaribio la kuloweka punje kwenye maji uone kama inavimba, ambalo huonyeshwa sana kwenye video, halikuambii lolote kuhusu ubora. Wala rangi za punje. Nyekundu na kijani vimewekwa kwa ajili yako. Mbwa hazitofautishi vizuri.

Kama bajeti bado haifiki

Hapa nasema na mwenye mshahara mdogo na mbwa anayempenda. Usishuke kwenye mfuko mbaya. Nunua mfuko wa kati, mpe pungufu kidogo, na uongeze cha nyumbani. Kwa mbwa mwenye afya, nyongeza ikiwa ndani ya sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku haiharibu mizani ya chakula kamili. Ukipita hapo mara kwa mara, ujue virutubisho vinaanza kuyumba. Kwa mbwa mzima naweza kuvumilia robo, mwezi ukiwa mgumu. Kwa mtoto anayekua sikubali.

Vya kuongezea vilivyo nafuu: yai la kuchemsha, dagaa, mapafu ya ng'ombe, wali kidogo. Dagaa wa Mwanza huanikwa bila chumvi lakini wana mchanga, waoshe mara tatu. Dagaa wa baharini wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, waloweke na umwage maji. Mapafu na maini yapikwe mpaka yaive kabisa. Mbichi yanaweza kuwa na vifuko vya minyoo ya ekinokokasi ambayo hukua ndani ya mbwa na kisha huambukiza watoto wako wanaocheza naye.

Usimpe mabaki yenye vitunguu, vya aina yoyote. Mifupa iliyopikwa hupasuka kama vioo. Na tafadhali, chakula cha kuku si chakula cha mbwa. Cha kuku wa mayai kina kalsiamu nyingi mno, na cha kuku wa nyama kinaweza kuwa na dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, ambayo baadhi ya aina zake ni sumu kwa mbwa. Muuzaji atakwambia "wote ni mifugo." Mwache aseme.

Mambo yakikwama

*Hataki kugusa chakula kipya.* Nusa kwanza wewe. Kama kina harufu ya mafuta yaliyochacha, yuko sahihi. Kama kiko sawa, nyunyiza maji ya uvuguvugu au mchuzi wa dagaa usio na chumvi, weka dakika 20, kisha ondoa bakuli mpaka mlo ujao.

*Kinyesi kimelainika siku ya tatu au ya nne.* Rudi kwenye kipimo cha hatua iliyopita, kaa hapo siku nne. Kikiendelea wiki mbili baada ya kubadilisha kabisa, chakula hicho hakimfai au ana minyoo. Damu ikionekana, usisubiri.

*Anakonda ingawa anakula.* Minyoo kwanza. Kisha pima upya gramu zako. Ndipo ushuku chakula.

*Anajikuna.* Kila mtu hulaumu chakula. Hapa kwetu viroboto na kupe ndio wa kwanza kutafutwa, hasa shina la mkia na nyuma ya masikio. Ukishawaondoa na bado anajikuna mwezi mzima, zungumza na daktari kuhusu kubadilisha chanzo cha nyama.

*Ananenepa.* Punguza sehemu moja ya kumi, pima baada ya wiki mbili, punguza tena kama hajashuka. Chapati ambazo jirani humrushia juu ya ukuta nazo zihesabu.

*Dumuzi au sisimizi wameingia.* Sisimizi wachache, pepeta, hamisha ndoo, na uisimamishe kwenye sahani ya maji. Dumuzi, utando au ukungu, tupa chote. Usiwape kuku.

*Amekataa chakula ghafla, anatapika, amelegea, ufizi au weupe wa macho umegeuka manjano, mkojo ni mweusi.* Acha chakula hicho saa hiyohiyo, kwa mbwa wote wa nyumba. Hizi ni dalili za ini, na sumukuvu ni mojawapo ya sababu. Nenda kwa daktari wa mifugo leo, usingoje asubuhi. Chukua mfuko wenyewe na ile picha ya namba ya toleo, na ufunge vikombe viwili vya chakula kilichobaki kwenye mfuko safi kwa ajili ya maabara. Mwambie na yule mliyegawana naye.